Vidonge Kwenye Kokwa za Mise

Juzi sokoni, mjini Baraka, nikiwa nimeinama kuchagua ndagala, alipita nyuma yangu mwanamke aliyenukia krimu ya kuchubua. Ni ile yenye harufu ya sabuni tamu, na chini yake kitu kama chuma kilicholowa. Uso wake sikuuona. Harufu tu ilitosha kunirudisha Lweba, kwenye nyumba yetu ya matofali ya udongo, nikabaki nimeshika ndagala mkononi kama mtu aliyesahau amefuata nini sokoni. Muuzaji akaniuliza, "Dada, unazinunua ama unaziombea?" Wenzake wakacheka. Nikanunua haraka nikaondoka, na njia nzima nilijisikia mkosaji, kama ninavyojisikia kila mara harufu hiyo inaponipata.

Ninyi wa rika langu mliolelewa kando ya ziwa letu mnakumbuka jinsi rangi ya mtu ilivyokuwa kesi ya kanisa. Mama aliyejichubua alihesabiwa pamoja na mlevi na mwizi. Dada zetu walijipaka kwa kujificha, wakiulizwa wanasema ni sabuni mpya, na akina mama wa kwaya, ambao macho yao hayakupitwa na kitu, walikuwa wakiwatazama vidole. Uso hukubali kubadilika, lakini viungo vya vidole hukataa. Hubaki vyeusi, na humfichua mwenyewe mbele za watu.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi ugonjwa uliponianza. Ulianzia tumboni. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, pakawa na kitu kigumu kilichokuwa kikikua taratibu, hata nikashindwa kulala ubavu ule. Kwetu jambo hilo lina jina moja, bandama, na bandama ina dawa moja, wembe. Nilichanjwa chale ndogondogo tumboni, zikapakwa unga mweusi uliowasha kuliko pilipili, na makovu yake ninayo bado. Nilimezeshwa dawa za malaria hadi masikio yakavuma. Lakini ufizi uliendelea kutoka damu, na mwalimu akachoka kuniamsha darasani. Ndipo baba, ambaye alikuwa mvuvi upande wa Ubwari na alirudi nyumbani tu mbalamwezi ilipokuwa kali na taa za wavuvi hazina kazi, alipoacha wavu wake akatupandisha mimi na mama kwenye lori la Uvira, na kutoka Uvira tukaendelea hadi Bukavu.

Hospitalini nilitolewa damu hata nikadhani wanaiuza. Daktari alizungumza na baba kwa Kifaransa, na katika maneno yake kulikuwa na moja lililorudi-rudi, leucémie, neno zuri, nikadhani ni jina la muuguzi atakayekuja kunihudumia. Nilimsubiri siku nzima. Mama, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kusalimia tu, alimtazama baba usoni na kuelewa kila kitu kabla hajatafsiriwa. Alikaa sakafuni, akaanza kunifunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Tulirudi Lweba na kopo la vidonge vya manjano iliyokolea, rangi ya mawese yaliyoganda asubuhi. Tangu siku hiyo maisha yangu yakawa na sheria. Jioni nikishakula bugali, mama alikuja na kikombe kikubwa cha maji na kidonge kwenye kiganja. Nilimeza, nikanywa maji yote, kisha akasema, "Fungula kinywa nione." Nilifungua. Alitazama chini ya ulimi kama anayetafuta mwiba, na alipokwisha kuridhika ndipo nilipoachiwa kwenda kucheza. Aliniambia ni dawa ya bandama. Hakuniambia nifiche. Nadhani aliogopa kwamba mtoto anayekatazwa kusema ndiye anayesema upesi zaidi.

Dawa ilinitendea vyema. Lile jiwe la tumboni likayeyuka, nikarudi kuruka kamba. Lakini ngozi yangu ikaanza mambo yake. Kwanza kope zilivimba, nikawa naamka na macho kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Kisha mikono ikatoka vipele, nikajikuna hata mama akanikata kucha hadi nyama. Vipele vikapoa, na chini yake ikatokea rangi ambayo haikuwa yangu. Nilizaliwa mweusi kama mama, na mama alikuwa mweusi kama kokwa ya mise, ile ya mchikichi. Sasa nilianza kupauka, uso kwanza, halafu mikono, halafu shingo, hadi nikafanana na chai iliyozidishiwa maziwa.

Huko Bukavu mama alikuwa ameambiwa tangu mwanzo kwamba dawa hiyo inaweza kupunguza rangi, hasa kwa watoto weusi kama sisi, na kwamba si hatari. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa kwa lugha nisiyoishika. Nilijua tu kwamba ninageuka. Na lazima niseme ukweli, nilipenda. Shuleni waliniita Mundele, yaani Mzungu, wakagombania kukaa nami. Noeli ile nilichaguliwa kuwa malaika, wakati mwaka uliotangulia nilikuwa kondoo. Nilisimama mbele ya kanisa na mabawa ya karatasi, na nilipomtafuta mama kwenye kwaya ili aone ninavyong'aa, nilimkuta ameinamisha kichwa. Nikadhani anaomba.

Kiongozi wa kwaya ya akina mama alikuwa Shangazi Debora, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa, na hakuna mtoto Lweba ambaye hakuwahi kula kitu kutoka kwake. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha maombi, ambamo wagonjwa walilazwa juu ya mikeka, wakaombewa na kufungishwa chakula mpaka Mungu aseme. Wengine walitoka wakitembea. Eliya, mtoto wa dada yake mama, aliingia humo miguu imevimba. Dawa zake za hospitali ziliwekwa kando kuonyesha imani, na Shangazi alikesha naye, akafunga pamoja naye, akamlilia kuliko hata mama yake siku tulipomzika. Nilikuwa mdogo mno kuunganisha mambo hayo mawili. Nilikumbuka tu kwamba tangu mazishi yale mama hakupita tena nyuma ya nyumba ya Shangazi.

Sasa Shangazi aliona mke wa ndugu yake anasafiri Bukavu kila baada ya miezi michache, anarudi na kifurushi asichokifungua mbele za watu, na kila anaporudi mtoto ameng'aa zaidi. Simlaumu kwa alivyofikiri. Mimi mwenyewe ningefikiri hivyo.

Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya aliniita kibarazani, akanipa benye mbili za moto, zile za unga wa ngano zinazochirizika mafuta. Wamama wawili walikuwa wamekaa naye wakichambua sombe, majani ya muhogo. Akanipapasa shavu kwa kidole gumba, kama anayejaribu kama rangi itatoka.

"Sifa, mutoto wangu, mama iko anakupakaa nini?"

"Hanipakae kintu, Shangazi."

"Sasa hii rangi inatoka wapi? Anakupa kitu ya kukunywa?"

"Ee. Kila magaribi, nikisha kula."

"Ya namna gani?"

"Komprime ya manjano. Nikisha kumeza, ananiambia nifungule kinywa."

Wamama wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Siku hizi iko na ya kumeza? Yesu!" Shangazi alinipa benye ya tatu, akanisindikiza hadi njiani ameshika mkono wangu, na niliona machozi machoni mwake. Nilikwenda nyumbani nikilamba mafuta vidoleni, nimefurahi kwamba nimejibu vizuri kama mtu mkubwa.

Jumapili iliyofuata mama aliitwa kwa wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa nikichungulia dirishani pamoja na watoto wengine. Pasta, mtu mpole aliyekuwa na kikohozi, alimuuliza, "Mama Sifa, ni kweli unamupa mutoto kitu?"

Mama akasema, "Ni kweli."

"Kitu gani?"

Nilimwona mama anamtazama Shangazi Debora aliyesimama ukutani, akamtazama kwa muda, kisha akatazama miguu yake. Pasta akamrudia swali. Mama akajibu, "Sina neno, Pasta."

Katika kanisa letu kunyamaza mbele ya wazee ni sawa na kukubali. Alivuliwa kitambaa cheupe cha kwaya, kikakunjwa mbele yake kikawekwa mezani, na akatengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya watu wote. Kwa desturi yetu waliotengwa huketi benchi la nyuma karibu na mlango, na mkate unapofunuliwa wanatoka nje. Niliona mama yangu akitoka nje pamoja na mzee mmoja mlevi na msichana aliyekuwa na mimba isiyo na baba. Alisimama juani akiwa ameukumbatia mkoba wake. Wimbo ambao yeye ndiye aliyezoea kuuanzisha ulianzishwa na mtu mwingine, vibaya, juu mno, na watu wakashindwa kuufikia.

Nilielewa jambo moja tu siku ile, nikalielewa kwa uchungu. Mdomo wangu ndio uliomtoa mama nje. Na kwa kuwa mdomo ndio uliokosa, nikaamua mdomo ndio utengeneze. Kama rangi ndiyo kosa, nikirudi kuwa mweusi kosa litakwisha, na mama atarudishiwa kitambaa chake. Hakuna mtu mzima aliyenifundisha hesabu hiyo, nami sikumuuliza yeyote.

Nilianza kukificha kidonge. Nilijifunza kukibana kati ya shavu na jino, mahali ambapo mama hakutazama kwa sababu alizoea chini ya ulimi. Kisha nilikwenda nyuma ya jiko, kwenye lundo la kokwa za mise. Nyie mlio mbali na michikichi, mise ni kile kiini kinachobaki mawese yakishakamuliwa, na ndani yake hutoka mafuta meusi ya kupaka watoto wachanga. Mama alikuwa akizianika, akazipasua polepole kwa jiwe kila alipopata nafasi. Nilikitema kidonge kiganjani, nikakisukumiza ndani kabisa ya lundo. Mchana nilijilaza nyuma ya choo bila shati, jua linipike. Halikunipika nikawa mweusi. Liliniunguza. Mabega yalibabuka, nikalala kifudifudi siku kadhaa nikidanganya kwamba nimeanguka kwenye mchanga wa moto ziwani.

Rangi kweli ilianza kurudi, kidogo, kwenye viganja kwa nyuma. Nilikuwa nikijitazama kwenye maji ya beseni kila asubuhi nikifurahi. Lakini pamoja na rangi likarudi na lile jiwe la tumboni. Nilianza tena kusinzia darasani. Jioni moja nilitema mate yakawa mekundu, nikayafunika kwa mguu. Mama aliniuliza mbona sili, nikasema nimeshiba kwa Shangazi, na hiyo ilimuumiza, niliona.

Mama alivigundua vidonge siku ya kupasua kokwa. Nilitoka shule nikamkuta ameketi chini, jiwe mkononi, na mbele yake kwenye ungo ametandaza vidonge vyangu, vingine vimepasuka na kuyeyuka kwa umande, vimepaka kokwa rangi ya manjano. Nilidhani atanichapa na nilitaka anichape. Alinivuta, akanifunua shati, akaweka kiganja tumboni upande wa kushoto. Akakiacha pale.

"Juu ya nini, Sifa? Juu ya nini unataka kuniua?"

Nikalia. Nikamwambia yote, benye na maswali na hesabu yangu. "Nikiwa mweusi tena, batakurudishia kitambaa. Mi njo nilikutoa inje."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. Halafu akanishika uso kwa mikono miwili, mikono iliyonuka mafuta ya mise, akasema, "Sikiliza. We unywe dawa. Mi nitarudi ndani. Hiyo ni kazi yangu, haiko yako."

"Lini?"

"Nitarudi. Nimekuambia. Lakini ukitema ingine, hata nikirudi sitakuwa na muntu wa kurudia."

Kesho yake tulikuwa kwenye lori. Bukavu daktari alimgombeza mama kwa sauti ya juu, kwamba dawa hii haichezewi, kwamba mtoto akiiacha ugonjwa unarudi na nguvu mpya na siku moja hautasikia tena dawa. Mama hakusema kwamba ni mimi. Aliinamisha kichwa akapokea makemeo yote. Mimi nilikaa kitandani nimening'iniza miguu, nikanyamaza. Huo ni unyamavu mwingine ninaoubeba.

Damu ikatulia tena, tukarudi, na vidonge nikawa nameza. Mama sasa alitazama hadi kwenye mashavu. Ndipo harufu ile ilipoingia nyumbani kwetu.

Ilianza baada ya yeye kwenda soko la Baraka kuuza mawese. Asubuhi alipokuwa akinivalisha sare niliisikia shingoni mwake, tamu, ngeni. Baada ya wiki chache mashavu yake yakawa mekundu, kisha yakatoka mabaka. Alikuwa akipika motoni na jasho likimchoma, nikamwona anapepea uso kwa kifuniko cha sufuria. Baba aliporudi kutoka Ubwari alisimama mlangoni akamtazama mke wake, akaweka chini kapu la samaki. Waliongea nyuma ya nyumba kwa Kibembe cha upesi ambacho sikukifuata. Nilisikia tu baba akisema mwishoni, kwa Kiswahili, "Basi Mungu akusamehe, na mi pia," na hakumgusia tena jambo hilo. Uso wake ulipokwisha kuharibika vya kutosha kwa kila mtu kuona, mama aliomba nafasi ya kutubu.

Nilikuwa benchi la mbele. Alipita katikati ya kanisa, mabaka yake yote usoni, na vidole vyake vimekunjwa mbele, viungo vyeusi kama kawaida. Akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Mimi Mama Sifa nilinunua dawa ya kuchubua, nikajipaka uso wangu niliopewa na Mungu. Nilijua ni dhambi nikafanya. Naomba kanisa linisamehe."

Mzee mmoja akauliza, "Na mutoto?"

"Mutoto, tangu leo, sitamupakaa kintu."

Watu wakasema amina. Shangazi Debora alilia kwa sauti, akamkumbatia, akamfunga yeye mwenyewe kile kitambaa cheupe. Meza ilipoandaliwa mama alikaa na wenzake, akapokea mkate, akapokea kikombe, na kabla ya kunywa akageuka akanitafuta kwa macho. Aliponiona nimemwona, akanywa. Jioni ile nilimeza kidonge bila kusukumwa, nikafungua kinywa kabla hajasema.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi, mtoto mwenye akili zangu, nilijiambia: basi ilikuwa kweli. Amekiri mwenyewe mbele ya kanisa. Mama yangu ni mtu wa krimu, na vidonge vyangu ni sehemu ya krimu hiyo. Kwa nini basi alinihangaisha hadi Bukavu? Swali hilo sikuliuliza, nililimeza pamoja na dawa, likakaa. Rangi yangu haikurudi, na watu wakasema krimu ikishaingia damuni haitoki tena. Nilipokuwa msichana mkubwa nilianza kumwonea haya. Wenzangu walipokuja nyumbani niliwapokea nje. Mzozo mdogo ukitokea nilikuwa na jibu moja tayari, na siku moja nililitoa. Alinikataza kwenda kwenye harusi fulani Baraka, nami nikasema, "We wa kujichubua, utanifundisha haya?" Alikuwa akiosha sufuria. Aliendelea kuosha. Akasema, "Ile njo kweli," akaigeuza sufuria akaosha na upande wa chini.

Nilijua ukweli nikiwa kidato cha tatu, Bukavu, kutoka kwa muuguzi ambaye hakujua anafungua nini. Baba alinisindikiza safari ile, mama alikuwa na malaria. Muuguzi alinishika mkono kutafuta mshipa, akasema rangi yangu imepungua sana, nisikae juani bila mwavuli. Nikamwambia kwa ujeuri kwamba hiyo ni kazi ya mama yangu na vidonge vyake vya kuchubua. Akaacha kutafuta mshipa. Akanieleza kwamba nina kansa ya damu, kwamba ile dawa imeifunga kama mbwa kwenye mnyororo, na kwamba kupauka ni tabia ya dawa yenyewe. "Mama yako tulimwelezea tangu ungali mtoto," akasema. "Hakukuambia?" Nilitazama viungo vya vidole vyangu. Vilikuwa vyeupe kama mkono mzima. Miaka yote ile ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, nikila nao bugali, na hakuna aliyeutazama, hata mimi.

Nilipofika Lweba sikujua namna ya kuingia ndani. Nilimkuta mama uani, kitenge kichwani kimeshushwa hadi machoni kwa sababu ngozi ile haikuwahi tena kustahimili jua. Nikapiga magoti. Akaelewa kabla sijasema, kama alivyoelewa Kifaransa cha daktari.

"Juu ya nini haukusema tu kama niko na kansa?"

"Ningesema, ungelala mule nyuma kwa Shangazi yako. Wangekufungisha chakula, wangeweka dawa kando. Ni watu wa upendo, Sifa. Eliya walimupenda pia."

"Na kutubu je?"

"Wewe ulikuwa unangoja nirudi ndani ndipo umeze. Kurudi ni kwa kutubu. Ningesema nilikuchubua, ni uongo, na mbele ya Meza siwezi kusema uongo. Basi nikatafuta zambi ya kweli." Akacheka kidogo. "Ilipatikana Baraka, kwa bei ya mawese."

Nilitaka siku hiyohiyo nisimame kanisani niseme yote. Alinikatalia, na amenikatalia hadi leo. Shangazi Debora sasa ni mzee, haoni vizuri, na kila anaponishika mkono anamshukuru Yesu kwa kuniokoa na krimu za mama yangu. Mama anasema tukimwambia ataelewa kwa nini aliogopwa, na kwamba Eliya atakufa mara ya pili mikononi mwake. Basi ninamwitikia Shangazi amina, na mama anamwandalia chai.

Lakini kuna jambo ambalo sikulijua mpaka masika haya. Nilikuwa nimezoea kwamba Jumapili za Meza mama hana nafasi. Mara ana mgonjwa wa kumtazama, mara mawese yako motoni, mara mguu unamuuma. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Jumapili iliyopita ya Meza nilikuja kutoka Baraka kumchukua twende pamoja, nikamkuta uani anapasua kokwa wakati kengele inalia. Nikamwambia leo sikuachi. Akaweka jiwe chini.

"Kaa, nikuambie. Mi pale siendi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mara moja. Ile niliyokunywa ukiniangalia. Ile ilikuwa yako." Akawa anafuta mikono kwenye kitenge, kila kidole peke yake. "Muntu anayetubu ni lazima ajute. Mi nilisema maneno yote, lakini sikujuta. Nimejaribu. Usiku nampigia Mungu magoti nimwambie najuta, halafu ni kama nakusikia bado unapumua chumba cha pili, na ninajua kama ni kesho ningefanya tena. Sasa nitakunywa kikombe chake namna gani? Nangoja nijute. Bado."

Nilitazama uso ule wa mabaka ambao niliwahi kuutupia neno lile siku ya sufuria, nikaona kwamba nimekuwa nikimweka nje miaka yote hii kwa kuwa hai tu, na kwamba siwezi kumrudisha ndani ila kwa kumtakia ajutie uhai wangu. Kutoka kanisani wimbo ulitufikia, ule wake, na bado wanauanzisha juu mno. Sikwenda. Nilichukua jiwe la pili nikakaa naye tukapasua mise mpaka watu wakatoka.

Jioni tulikula bugali na ndagala. Akainuka kwa shida, akaenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe kikubwa cha maji akaniwekea mbele, kana kwamba sijawa mtu mzima mwenye nyumba yake. Nikatoa kidonge kwenye mkoba nikameza, nikanywa maji yote. Macho yake siku hizi yana ukungu, hawezi kuona kitu chini ya ulimi wa mtu. Nilisogea karibu na taa, nikafungua kinywa.